Mchana Kengele Ziliponyamaza

Watu wa mjini wakikwambia wanataka kimya, waulize kwanza ni kimya cha nini. Mimi sikuuliza. Mgeni wetu wa kwanza, Bi Elpiniki wa Athene, alishuka kwenye meli ya Jumatatu akiwa na sanduku moja na macho mekundu, akasema hataki kutembezwa wala kuonyeshwa kitu, anataka tu kukaa mahali pasipo na kelele mpaka achoke. Nikamwambia amefika. Kisiwa chetu hakina disko wala hoteli, lami yenyewe inaishia kwenye tangi la maji, na wageni tunaowapata ni wale waliokosa nafasi visiwa vingine. Nikamtandikia shuka zilizokauka juani, nikamwekea tini na jibini mezani, nikarudisha mlango taratibu. Nilijiona mwenyeji wa maana.

Chumba kile alikijenga mume wangu, Isidoros, kwa mikono yake miwili. Kila akitoka kuchunga alibeba mawe. Alikipaka chokaa, akarudia kukipaka, dirisha akalipiga rangi ya buluu, kisha jioni akawa anaingia humo peke yake, anaketi, anakitazama. Majirani walimcheka. Argiro wa ng'ambo ya njia, ambaye vyumba vyake hujaa kila Agosti, alimuuliza kama anajenga nyumba ya wageni au kaburi lake. Basi Elpiniki aliposhuka melini, Isidoros alilibeba lile sanduku begani na kupita nalo katikati ya kijiji, njia ya mzunguko, ili kila aliyekaa barazani aone. Jasho lilimtoka, lakini uso wake ulikuwa wa bwana harusi.

Kesho yake mgeni akaanza. Hakai, halali. Anatoka uani, anarudi ndani, anatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Upepo wa kiangazi, ule tunaouita meltemi, ulikuwa umeshika kasi siku hizo na kila kitu kilikuwa kinapiga, mlango, turubai, majani ya mzabibu. Alfajiri nilimkuta amejikunyata kwenye ngazi na blanketi. Nikamuuliza kama godoro lina kasoro. Akasema godoro ni zuri, ila kuna jogoo.

Isidoros akamchinja jogoo. Hakuniuliza. Jogoo alikuwa wangu, nilimlea toka kifaranga, na mchana ule nikampika kwa mvinyo na tambi huku nimenuna, na mgeni akala vijiko viwili akasema ni kitamu sana. Usiku nikaambiwa jokofu linanguruma. Nikalizima, maziwa yakaganda. Nilidhani tumemaliza. Jumatano asubuhi, huku akizungusha kikombe cha kahawa bila kukinywa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwamba kuna na hizo kengele.

Hapo akanieleza. Kazi yake mjini ni kupokea simu za watu wanaoita gari la wagonjwa. Anakaa usiku kucha, simu inalia, anapokea. Mtoto amekabwa na punje ya zabibu, mume haamki, bibi ameanguka bafuni. Miaka na miaka. Sasa kitu chochote kikilia, mkono wake unanyanyuka wenyewe kupokea. Alinionyesha. Mbuzi mmoja alitingishika kule mlimani, na kweli, nikauona mkono wa kulia unaruka kutoka mezani. Daktari alimwambia aende mahali pasipolia kitu. Naye kaja kulala chini ya mlima wenye mbuzi arobaini, kila mmoja na kengele yake shingoni. Akasema hatulaumu, sisi ni watu wema, ila Ijumaa atapanda meli arudi zake.

Mimi nilimhurumia, na nilikuwa tayari kumfungia jibini la njiani. Isidoros lakini alitoka nje akasimama akiangalia njia ile aliyopita na sanduku. Nilijua anamuona Argiro akimtazama akirudi bandarini na sanduku lile lile, siku nne tu baada ya kulileta.

Usiku alipoanza kunizunguka na maneno nikamkatiza. Nikamwambia chinja majogoo wote wa kisiwa, zima majokofu yote, lakini kengele usiguse. Zile ni za baba yako.

Baba yake ni Mzee Zannis. Huyu mzee alichunga mlima ule tangu hajaota ndevu, na macho yake yalikuwa yamemfunga, kidogo kidogo, mpaka ikabaki anatofautisha mchana na usiku tu. Kengele zile alizichagua yeye, moja moja, kwa maisha yake yote. Aliketi na tupa akizikwangua kingo mpaka zisikilizane, nzito ya beberu chini, nyembamba za wanambuzi juu. Siku hizi alikaa kwenye ukuta wa uani, kidevu juu ya fimbo, anasikiliza. Anakwambia yule mweupe kapanda kwenye mtini tena, mwiteni kabla hajavunja tawi. Anakwambia beberu ana hasira leo. Na tukienda kuangalia tunakuta hivyo hivyo. Ukiniuliza mimi, mzee hakuwa kipofu. Mlima wote alikuwa anauona kwa masikio, na kwa masikio hayo aliweza bado kwenda mpaka birikani, pale mbuzi wanaponywea maji, na kurudi bila kushikwa mkono.

Isidoros akanijibu sawa mke wangu, umeshinda. Ningejua. Mwanamume akikubali upesi hivyo ujue ana lake.

Alhamisi mchana tulikula, tukalala. Kwetu saa hizo hata paka hupita pembeni, na anayegonga mlango wa mtu saa nane mchana ana kifo cha kutangaza. Mzee alijilaza chumbani kwake. Mimi nililala kama gunia. Isidoros alisema anashuka bandarini kutengeneza pikipiki.

Niliamshwa na Elpiniki. Aligonga kwa vidole viwili, akaingia nusu. Ilikuwa karibu saa kumi.

"Bi Themelina, samahani. Babu alisema anaenda mara moja. Bado hajarudi."

Nikaketi. Nikamuuliza anaenda wapi. Akanieleza. Kama saa nane na ushei alikuwa anazunguka uani kama kawaida yake, akamuona mzee anatoka, amevaa viatu na ameshika fimbo. Mzee alisimama, akageuza sikio upande wa mlima, akamuuliza, binti, wewe masikio yako ni mazima, unasikia kengele? Naye akasikiliza. Na kwa mara ya kwanza tangu afike hakusikia hata moja. Akafurahi. Akamwambia hapana babu, hakuna kitu, kimya kabisa, Mungu ashukuriwe. Mzee akamwambia anaenda mara moja, akavuka ua, akashika njia ya juu.

Hapo ndipo nami nikasikiliza. Upepo tu. Loh, sijawahi kusikia mlima ule umenyamaza vile, na sitaki kuusikia tena.

Mtu wa Athene hawezi kujua. Lakini muulize mtu yeyote kwetu, mkubwa kwa mdogo, kengele za mbuzi zikinyamaza ghafla mchana maana yake nini, atakwambia neno moja: wezi. Ndivyo mbuzi wanavyoibwa hapa tangu enzi. Mwizi anawavizia birikani saa watu wamelala, anawashika mmoja mmoja, anazifunga kengele ndimi kwa matambara, kisha anawapitisha kimya nyuma ya mlima mpaka kwenye mashua. Nikamuona mzee wangu yupo kitandani, macho yamefungwa, anazisikia zikizimika moja baada ya moja, kama mtu anayepita na kuzima taa nyumba nzima. Angefanya nini? Mwanawe hayupo, mkwewe anakoroma. Akachukua fimbo.

Sikuvaa hata viatu vya maana. Nilipanda njia ya birikani na ndala, Elpiniki nyuma yangu anahema. Mbuzi walikuwepo wote. Hawakuibwa hata mmoja. Walikuwa wanakula miiba kwa raha zao, wanapita mbele yangu bila sauti, na niseme ukweli, niliogopa kama nimeona maiti zinatembea. Nikamkamata mmoja pembe, nikaingiza mkono chini ya shingo. Ndani ya kengele kulikuwa na tambara la buluu lenye maua meupe.

Ilikuwa aproni yangu. Ile ya kufulia, niliyoitafuta tangu asubuhi nikidhani upepo umeichukua.

Niliita "Baba!" mpaka sauti ikakwama, na upepo ukairudisha mdomoni mwangu. Juu ya birika njia zinagawanyika, moja inaenda zizini, nyingine inapita ukingoni mwa genge, na chini ya genge ni bahari na mawe. Mzee njia zote mbili alizijua kwa kengele tu. Beberu akiwa upande huu, anajua yupo wapi. Sasa alikuwa amepandishwa mlimani amefungwa kitambaa masikioni, na aliyemfunga ni mwanawe.

Elpiniki akanishika mkono. Nikashangaa, ule mkono uliokuwa unaruka ulikuwa umetulia tuli. Akaniuliza mzee kavaa nini, anatumia dawa gani, huwa anatembea upesi au polepole, nani ana simu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama hakuna haraka duniani, na mimi nikawa najibu kama mtoto. Akampigia Isidoros yeye mwenyewe.

Isidoros alifika na pikipiki mpaka pale inapoishia njia, akaja mbio, mikono ina grisi. Niliyomwambia siwezi kuyarudia, padri wetu bado yu hai. Nilimtupia lile tambara usoni. Alisema alikuwa anataka siku moja tu, siku moja mgeni alale, jioni angezifungua kabla mzee hajaamka. Aliyasema huku ananitazama kama mtu anayengoja apigwe. Nikamwambia baba yako yupo gengeni.

Ni Elpiniki aliyesema tusimame. Alisema huyu anafuata sauti, basi mpeni sauti, fungueni kengele zote mziache zilie, kisha tunyamaze tusikilize.

Tukaanza. Jamani, mafundo yale. Yalikuwa madogo, magumu, yamejizungusha mara mbili juu ya ulimi wa kengele na kuingia chini yake yenyewe, sijui mtu anafungaje kitu kama kile. Kucha zangu zilivunjika. Nilitumia meno, mbuzi ananipiga kwato za mapaja, ndevu zake mdomoni mwangu. Isidoros alizifungua kwa haraka zaidi, anahesabu majina ya mbuzi kwa kunong'ona. Elpiniki, mtu aliyekuja kukimbia kengele, alikuwa ameshika mbuzi kwa masikio na kila kengele iliyofunguliwa aliitingisha kwanza kwa mkono wake kuhakikisha inalia. Mlima ukaanza kurudi, mmoja, wawili, kumi. Jua lilikuwa limeinama na mbuzi wenyewe walikuwa wameshtuka, wanakimbia huku na huku, na upepo unazisukuma sauti zote upande mmoja. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukimbia, sikujua nikimbilie wapi. Beberu tu ndiye hatukumpata. Hakuwepo.

Kisha Elpiniki akainua mkono. Ule wa kulia. Uliruka wenyewe, kama siku ile mezani.

"Nyamazeni," akasema. "Kuna mtu anaita."

Mimi sikusikia mtu. Nilisikia kengele tupu, makumi ya kengele. Akasema si sauti ya mtu, ni kengele, ile nzito, kule chini. Akasema nyingine zote zinalia kwa sababu mnyama anatembea, lakini ile inalia mara tatu inanyamaza, mara tatu inanyamaza. Mnyama hailizi hivyo, akasema, huyo ni mtu anayengoja apokelewe. Na akaanza kushuka kuelekea ukingoni kabla sisi hatujaamua.

Tulimkuta kwenye tuta la mwisho la mashamba ya zamani. Alikuwa amekanyaga ukuta uliobomoka, akaporomoka nao mpaka kwenye kibao cha mwamba, hatua chache kutoka pale ambapo hakuna tena kitu cha kukanyaga. Alikuwa ameketi, mgongo umeegemea jiwe, mguu mmoja umevimba kama mkate. Beberu alikuwa amesimama mbele yake, pua kwenye mfuko wa koti lake, anatafuna kipande cha mkate mkavu. Mzee huwa haachi kutembea na mkate wa beberu. Mnyama alikuja kufuata haki yake kama kila siku, na mzee alimkamata ukosi, akafungua kengele, akaanza kuita.

"Mmechelewa," akasema, na akanyoosha mkono kutafuta bega la mtu. Isidoros akampa lake.

Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mimi nilitembea nyuma nimeshika fimbo.

Habari kwetu haitembei, inaruka. Tulikuwa hatujamweka sawa kitini, mguu kwenye beseni la siki na chumvi, ua limejaa. Argiro alikuja wa kwanza, na sahani ya maandazi ya asali, macho yanazunguka kila pembe. Wakamuuliza mzee yamempata yapi. Nikamuona Isidoros anashika ukingo wa meza.

Mzee akasema ni wezi. Walikuwa wawili, wa upande wa kaskazini kwa namna walivyokanyaga. Walishafunga kengele zote. Aliwapigia ukelele mmoja tu wakatupa kila kitu wakakimbilia mashua yao, naye katika kuwafukuza akateleza. Akaeleza kila kitu, mpaka harufu ya tumbaku yao. Wanaume wakampiga mabega. Wakasema kuna vijana wenye macho manne wasingethubutu. Wakamnywea mvinyo wa heshima, wakamnywea tena, na Argiro akasema hata yeye alihisi leo kuna kitu, alikuwa hapati usingizi. Mzee alicheka kwa adabu. Tangu tulipompata, hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka.

Walipoondoka tukabaki sisi. Elpiniki alikuwa ameketi kwenye ngazi, mlango wake wazi nyuma yake. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa tambara la buluu lenye maua meupe, akaliweka mezani mbele yangu. Alikuwa amelivua kwenye ulimi wa kengele bila kulifungua. Fundo lilikuwa bado zima.

"Hii ina harufu ya sabuni yako, binti," akasema. "Ni aproni yako?"

Nikasema ni yangu, baba. Niliisikia sauti yangu imekuwa ndogo. Niliingia nyumba ile nikiwa msichana, nikamzika mama mkwe kwa mikono yangu, na mzee huyu ndiye aliyenifundisha kukamua na hajawahi kuniita mkwe, huniita binti. Nikaona yote yale yanaondoka, juu ya tambara. Nikamtazama Isidoros. Isidoros alikuwa anatazama sahani yake. Nikasema moyoni, asiposema sasa hivi, chumba chake kile akalale humo mpaka afe.

Mdomo wake ulifunguka. Mzee akamtangulia.

"Aproni yako," akaniambia mimi. "Fundo si lako. Kisiwa kizima tulibaki watu wawili tunaolifunga fundo hili, na mmoja wetu mchana wa leo alikuwa kitandani."

Kumbe alikuwa anajua tangu kule kwenye mwamba. Vidole vyake vilimwambia. Alikaa pale ukingoni, mguu umeteguka, anaita kwa kengele huku ameshika mkononi fundo aliloufundisha mkono wa mwanawe alipokuwa mdogo, na aliporudi akawapa majirani wezi wa kaskazini.

Isidoros alisimama, akaketi, akasimama tena. Akasema ni mimi, baba. Alijaribu kueleza habari za mgeni na chumba na meli.

"Nilikuwa nakwenda kukuokolea mbuzi zako," mzee akamwambia. Hakupandisha sauti. Ilikuwa heri angefoka.

Isidoros aliangukia magotini pale pale, grisi na yote, na akalia, mtu mzima, na mimi nikageukia jiko kwa sababu nilikuwa bado nina hasira naye na sikutaka hasira hiyo iishe upesi hivyo. Nyuma ya nyumba mbuzi walikuwa wanaingia zizini, kengele zote, ya beberu chini, nyembamba juu. Pale ngazini Elpiniki alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango. Mikono yake miwili ilikuwa mapajani, haina habari. Amelala.

Mzee akautoa mguu kwenye beseni, akausogeza mbele ukidondosha maji. Akapapasa meza mpaka akalipata lile tambara, akampa mwanawe. Akamwambia aache kulia, amfunge mguu, na atumie fundo lile lile maana halilegei ovyo.

Isidoros akalifungua fundo la zamani, akafunga. Mara ya kwanza likamfunguka. Ikabidi aanze upya, na mzee akamngoja.